Mbwa wa kwetu alikula nini? Fungu, mabaki, na takataka

Juma hili tunataka kusema juu ya mlaji mmoja ambaye hatumhesabu tunapopima unga wa bukari. Analala nje, usiku anabweka, na watoto wamempa jina. Ni mbwa wa nyumba. Tulijiuliza: zamani, hapa Lubumbashi na katika miji mingine ya migodi, jamaa zetu walimlisha nini? Na leo sisi tunamlisha nini? Swali linaonekana dogo, lakini jibu lake linagusa afya ya watoto wetu.

Fungu la mwindaji

Tuanze mbali kidogo, kabla ya miji. Mbwa wa mwindaji hakuwa mwombaji. Katika misitu ya kaskazini ya inchi yetu wako mbwa wadogo, wenye masikio ya kusimama na mkia wa kujikunja, ambao hawabweki kama mbwa wengine. Wawindaji huwafunga kengele ya mti shingoni ili wajue wako wapi porini. Wazungu wanawaita Basenji, na mwaka 1937 walionyeshwa London katika maonyesho makubwa ya mbwa. Mbwa wa namna hiyo hufukuza mnyama mpaka kwenye nyavu. Mnyama akipasuliwa, mbwa naye hupata sehemu: matumbo, damu, mifupa. Siku zisizo na windo alijiokotea. Lakini siku ya kazi, fungu lake lilijulikana.

Mabaki ya posho

Kisha miji ya shaba ikakuja. Union Minière, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1906, ilianza kuelekea mwisho wa miaka ya 1920 kutaka wafanyakazi wakae kambini pamoja na bibi na watoto wao. Jamaa zilipokea posho: unga wa mahindi, maharagwe, samaki au nyama, mafuta, chumvi. Mwaka 1967 serikali ikachukua migodi, na kampuni iliyofuata, Gécamines, ikaendelea kuwapa wafanyakazi unga. Watu walizoea kusema kwamba kampuni ni baba na ni mama.

Katika nyumba za namna hiyo chungu kilikuwa na kitu chini yake. Wazee wetu wanatueleza: ukoko wa bukari ulilowekwa katika maji yaliyooshea sahani za mboga, juu yake vichwa vya samaki, mifupa, na maharagwe yaliyobaki. Asubuhi ilikuwa bukari ya jana. Kazi ya kumpelekea ilikuwa ya watoto. Hakuna aliyenunua chakula cha mbwa. Kule Ulaya, biskuti za mbwa zilikuwa zikiuzwa tangu miaka ya 1860, pale James Spratt alipoanza biashara hiyo London. Lakini hata kule, kwa miaka mingi, nyumba nyingi za watu wa kawaida ziliendelea kumpa mbwa kilichobaki mezani.

Tuangalie neno hilo, mabaki. Wakati ule lilimaanisha chakula kizuri kilichozidi. Ndani yake mulikuwa unga, mafuta kidogo na samaki. Mbwa alikula kilekile walichokula watu, siku ileile au kesho yake asubuhi. Ndiyo sababu alikaa mlangoni: alijua kwamba saa ya sahani itafika.

Posho ilipokatika

Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto, kule Kolwezi, ulibomoka. Mwaka 1991 ukaleta uporaji katika miji mingi ya inchi. Mishahara ikachelewa, unga ukapungua, na katika miaka ya 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10 000 waliacha kazi ya Gécamines kwa malipo ya mara moja. Katika nyumba nyingi watu walitoka kwenye kula mara tatu wakafika mara moja kwa siku. Chungu kikakosa mabaki. Ukoko ambao zamani ulikuwa wa mbwa, mtoto akauomba.

Hakuna mama anayeweza kulaumiwa kwa kumtanguliza mtoto wake. Lakini mbwa hakuondoka. Tena tulimhitaji zaidi, maana wezi wa usiku waliongezeka. Basi tukamfungulia mlango ajitafutie. Akaenda kwenye majaa, kwenye mifereji ya soko, na mahali nyama zinapochinjwa. Mpaka leo ni hivyo. Sisi walimu tukiwauliza watoto darasani, «Mbwa wa kwenu anakula nini?», wengi wanajibu kwa neno moja: «Anajitafutia.»

Neno hilo linatutia hofu, kwa sababu mbili.

Sababu ya kwanza ni kichaa cha mbwa. Njaa yenyewe haileti kichaa. Ugonjwa huu unapita katika mate, mbwa mgonjwa anapomuuma mwingine. Lakini kwenye jaa mbwa wa mitaa yote wanakutana na wanagombania mfupa mmoja. Mbwa wetu akiumwa kule, jioni anarudi kwa watoto wetu. OMS inakadiria kwamba kichaa cha mbwa kinaua watu karibu 59 000 kila mwaka duniani, na kati ya watu kumi, wanne ni watoto wasiofika miaka 15. Karibu wote waliupata kutoka kwa mbwa. Dalili zikiisha kuonekana kwa mtu, karibu hakuna anayepona.

Sababu ya pili ni kile tunachompa siku tunapompa. Unga ukinyeshewa na mvua na kushika kuvu, tunasema, «Mpe mbwa.» Kuvu fulani za mahindi na za karanga zinaacha sumu inayoitwa aflatoksini, ambayo inaharibu maini. Kupika hakuiondoi, na kuanika unga juani hakuiondoi. Mwaka 1960, kule Uingereza, batamzinga zaidi ya 100 000 walikufa kwa sababu ya chakula cha karanga chenye sumu hiyo. Mwaka 2004, mashariki ya Kenya, watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafa kwa kula mahindi yenye kuvu. Mbwa naye ana maini. Na sahani yake iko chini, pale kuku wanapodonoa na mtoto anayetambaa anapoweka mkono. Unga wenye kuvu si mabaki. Si wa mbwa, si wa kuku, si wa mtu. Tuufukie.

Tufanye nini nyumbani

Mifuko ya chakula cha mbwa iliyo katika maduka makubwa ya mjini si lazima. Mambo haya tunaweza kuyafanya kwa uwezo wetu:

Tumhesabu. Kama unga hautoshi mbwa mmoja, tusikubali watoto watatu wa mbwa kwa sababu ni wa bure.

Tumpe chakula kilichopikwa. Pumba safi au unga mzuri, pamoja na vichwa vya samaki au ndakala iliyooshwa chumvi. Bukari tupu ya kila siku haimtoshi. Matumbo ya nyama tuyachemshe kwanza, kwa sababu ya minyoo. Tusimpe mifupa ya kuku iliyopikwa, maana inavunjika kama sindano, wala mboga yenye vitunguu vingi. Maji safi yawepo siku zote.

Tumpe kwa saa moja inayojulikana. Jioni kabla ya giza ni vizuri. Mbwa anayejua saa yake anarudi uani, na hapo ndipo tunamhitaji usiku.

Tuwafundishe watoto. Mbwa anapokula, haguswi. Chakula kinawekwa chini, hakitolewi mkononi.

Achanjwe kila mwaka. OMS inasema kwamba mbwa 70 kwa 100 wakichanjwa, ugonjwa unakatika katika mtaa. Mama mmoja peke yake hawezi kufika pale, lakini kikundi kinaweza. Katika likelemba tuweke franga kidogo pembeni, kisha tumwite mganga wa wanyama siku moja kwa ajili ya mbwa wa avenyu nzima. Ni rahisi kuliko kila mmoja kwenda peke yake.

Mtoto akiumwa, hata kama kidonda ni kidogo kama mkwaruzo, tukioshe palepale kwa sabuni na maji yanayotiririka muda wa dakika 15. Tusipake pilipili, mafuta wala dawa ya majani. Siku hiyohiyo tumpeleke hospitali na kuuliza juu ya chanjo. Tusingojee kuona kama mbwa atakufa.

Wamama wapenzi, mwindaji alimpa mbwa wake fungu kwa sababu mbwa alifanya kazi. Wa kwetu naye anafanya kazi: sisi tukilala, yeye anakesha. Kwa hiyo kesho tunapopima unga, tuongeze kiganja kimoja kwa ajili yake. Na kama kiganja hicho hakipo, tuseme ukweli mapema, tumtafutie jirani mwenye uwezo, kabla hajaanza kujitafutia.