Tyuna, Amplifaya na Mapatano ya Antena: Kosa Linaloanzia katika Jina

Kabla ya simu za mkononi kuenea katika Kongo, misheni, maduka makubwa na viwanja vidogo vya ndege viliwasiliana kwa redio ya mawimbi mafupi, iliyojulikana kwa jina la foni. Mbali na watumishi hao wapo wapenzi wa redio ya ridhaa, yaani watu wanaorusha mawimbi kwa ajili ya elimu na urafiki, pasipo kutafuta faida. Alama za vituo vyao katika Kongo huanza kwa 9Q. Makundi haya mawili hukutana na shida moja: transmita inanguruma, amplifaya inapata moto, sindano ya kipimo inapanda, wala hakuna anayejibu. Makala haya yanaeleza jinsi ya kutafuta kosa hilo, na yanaonyesha kwamba mara nyingi fundi hupotezwa na jina la chombo kabla ya kupotezwa na chombo chenyewe.

1. Vitu vinavyopaswa kupatana

Transmita nyingi za siku hizi zimeundwa ili zipeleke nguvu katika mzigo wa om 50, na kebo zake ni hivyo hivyo. Antena haina tabia hiyo ya kudumu. Mzigo wake hubadilika kwa kadiri ya urefu wa waya, kimo chake juu ya ardhi na masafa yanayotumika. Kwa megahezi 7.1, antena ya nusu ya wimbi huhitaji waya wa mita 20 hivi, na ikilishwa katikati haiwi mbali na om 50. Waya ule ule ukitumiwa kwa megahezi 14.2, mzigo wake hupanda hadi maelfu ya om.

Nguvu isiyopokewa na antena hurudi nyuma, ikakutana na ile inayokwenda, na mawimbi yakawa kama yamesimama ndani ya kebo. Kipimo huonyesha hali hiyo kwa uwiano. Uwiano wa 1 kwa 1 ni mapatano kamili. Kwa 2 kwa 1, asilimia 11 ya nguvu hurudi. Kwa 3 kwa 1, robo nzima hurudi.

2. Jina linalopotosha

Neno tyuna limetoka katika Kiingereza, na asili yake ni tendo la kulinganisha sauti ya ala ya muziki. Kwa hiyo anayelisikia hudhani kwamba chombo hiki hurekebisha antena, kama vile mpiga gitaa akazavyo uzi. Sivyo. Tyuna, kwa kapasita na koili zake, huifanya transmita ione om 50. Ng'ambo ya tyuna, kebo na antena hubaki jinsi zilivyokuwa. Kifaransa husema "boîte d'accord", na neno hilo la mwisho hubeba maana mbili: kulinganisha sauti na kupatana. Maana ya pili ndiyo iliyo karibu na ukweli. Kazi ya tyuna yafanana na ya mkalimani: hamfundishi yeyote kati ya wawili lugha mpya, bali huwawezesha kusikilizana wakati yeye yupo.

Hata hivyo, nguvu inayorudi si lazima ipotee. Mhandisi Mmarekani Walter Maxwell, katika mfululizo wa makala ulioanza mwaka 1973 katika jarida la QST, alieleza kwamba hasara hutokea pale kebo inapoila nguvu hiyo katika safari zake za kwenda na kurudi. Kebo nzuri hula kidogo. Kebo mbovu hula nyingi.

3. Njia ya kutafuta kosa

Hatua ya kwanza ni kugawanya mtambo sehemu mbili. Tyuna na antena huondolewa, na mahali pake huwekwa antena bandia, yaani kikinzani cha om 50 kinachoweza kuhimili nguvu ya mtambo. Transmita na amplifaya zikitulia, kosa liko mbele, upande wa tyuna, kebo na antena. Zisipotulia, kosa liko nyuma: katika transmita, amplifaya au kebo fupi zinazoziunganisha. Kisha vyombo hurudishwa kimoja kimoja hadi shida itokee tena.

Hatua ya pili ni kuchunguza mpangilio. Transmita nyingi zina tyuna ndani yake. Amplifaya ikifungwa baada ya transmita, tyuna hiyo huwa nyuma ya amplifaya, wala haiwezi kuisaidia mbele ya antena mbaya. Tyuna inayohitajika ni ile inayokaa kati ya amplifaya na antena, nayo iwe imara kwa nguvu kubwa. Amplifaya ya valvu kwa kawaida ina kapasita na koili zake za kupatanisha, ambazo mtumiaji huzizungusha kwa mkono. Ile ya transista kwa kawaida haina. Ikipewa mzigo mbaya, au kichujio cha bendi isiyo yake, kinga yake hupunguza nguvu au huizima kabisa. Kwa hiyo tyuna hulinganishwa kwanza kwa nguvu ndogo, amplifaya ikiwa imepumzishwa. Wala swichi ya bendi haigeuzwi wakati nguvu inapita.

Hatua ya tatu yahusu kipimo kilicho kizuri kwa nguvu ndogo na kibaya kwa nguvu kubwa. Wati 1000 katika om 50 huleta volti 224 hivi. Katika om 1000, nguvu ile ile huleta volti 1000, na kilele chake hupita 1400. Hapo cheche huruka kati ya bamba za kapasita, na kiungio kilicholegea hupata moto. Dawa yake ni kusafisha na kukaza viungio, kutafuta mpangilio mwingine wa tyuna unaotumia koili kidogo zaidi, au kubadili urefu wa waya.

4. Ushahidi wa uongo

Antena bandia huonyesha 1 kwa 1, lakini hakuna anayeisikia mbali. Mfano huu watosha kuonyesha kwamba sindano iliyotulia si ushahidi wa antena njema. Kebo iliyoingiwa na maji hudanganya vivyo hivyo. Ikiwa inakula nusu ya nguvu kwa kila safari, hata waya wa antena ukikatika kule juu, kipimo cha chini kitasoma 3 kwa 1 tu, na tyuna itaondoa hata hiyo tofauti. Fundi atafurahi mezani pake, na sauti yake haitafika. Njia ya kuhakikisha ni kufunga antena bandia kwenye ncha ya juu ya kebo, kisha kupima ni wati ngapi zinazofika huko.

5. Hitimisho

Kwa wanafunzi wa ufundi, neno tyuna laweza kubaki, kwa kuwa limekwisha kuzoeleka. Lakini mwalimu anayeandika kitabu cha Kiswahili angefanya vema kuliweka kando yake neno kipatanishi. Aliyefundishwa kwamba chombo hiki hupatanisha tu, atapanda mlingoti kuitazama kebo. Aliyeamini kwamba kimerekebisha antena, atafungua amplifaya nzima na kuiharibu bure.