Kadi ya Sauti: Ya Ndani Yatosha, au Ununue ya Nje?

Labda kijana wako amerudi nyumbani na kompyuta ya kubeba, ile ya kufunua na kufunika, ambayo watu huiita laptopu. Jioni aifungua mezani, nyimbo za kwaya zatoka ndani yake, na watoto wote wakusanyika. Halafu siku moja akuambia: “Baba, sauti ya mashine hii hainipendezi. Naomba fedha nikanunue kadi ya sauti ya nje.” Je, utampa?

Usimkubalie upesi, wala usimkatalie upesi. Kwanza mwulize neno moja: “Wataka kusikiliza, au wataka kurekodi?” Jibu lake ndilo litakaloamua kama fedha zitoke mfukoni au zikae.

Nami nakuomba uelewe kwanza kadi ya sauti ni kitu gani, maana wengi hununua jina tu. Kompyuta haijui sauti, yajua tarakimu. Mtu akisema, hewa hutikisika. Maikrofoni hugeuza mtikisiko ule kuwa umeme, nao ni umeme mdogo mno. Kadi ya sauti huupima umeme huo mara nyingi katika kila sekunde, ikaandika vipimo vyake kwa tarakimu. Kwa kipimo cha sahani za CD, zilizoanza kuuzwa mwaka 1982, huupima mara 44,100 kwa sekunde moja. Na wakati wa kusikiliza kazi hiyo hurudi kinyume: tarakimu zageuzwa umeme, umeme wasukuma spika, hewa yatikisika tena. Basi kadi ni kama mkalimani aliyeketi mlangoni; hakuna neno liingialo au litokalo lisilopita kwake.

Zamani kompyuta hazikuwa na mkalimani huyo. Ile ya IBM ya mwaka 1981 ilijua kulia “pii, pii” tu. Aliyetaka muziki alinunua kadi, akaifungua kompyuta na kuichomeka ndani. Iliyovuma kuliko zote ni Sound Blaster, iliyotolewa mwaka 1989 na kampuni ya Creative ya huko Singapore. Baadaye mafundi wakaiweka kazi yote katika kidude kimoja kidogo juu ya ubao mkuu wa kompyuta. Kadi ikatoweka, jina likabaki. Kwa hiyo laptopu ya kijana wako, hata kama aliinunua ikiwa imekwisha kutumika, inayo tayari kadi ya ndani.

Sasa, akijibu, “Nataka kusikiliza,” mwambie akae na fedha zake. Kadi ya ndani yatosha. Sauti ikiwa nyembamba, mara nyingi kosa si la kadi. Ni la vile vispika vidogo vilivyobanwa katika mashine nyembamba. Jaribuni hivi: chomekeni spika nzuri za masikioni, au ungeni laptopu na redio ya nyumbani kwa waya, ikiwa redio ina tundu la kuingizia sauti. Kama sasa muziki wasikika vizuri, basi kadi ni nzima, na kinachohitajika ni spika tu.

Jambo moja laweza kubadili jibu hili: tundu la laptopu likiwa limevunjika au kulegea, kama yatokeavyo penye watoto. Hapo kuna kadi ya nje ndogo, ukubwa wa kidole gumba, inayochomekwa katika tundu la USB. Bei yake ni kama ya kuku. Hiyo nunueni, wala msihangaike na fundi.

Lakini akijibu, “Nataka kurekodi,” vuta kiti ukae, maana hapa ndipo penye mambo.

Nilisema umeme wa maikrofoni ni mdogo mno. Ndiyo, ni wa sehemu za elfu za volti moja. Kabla ya kuupima ni lazima kuukuza mara nyingi sana. Na ndani ya laptopu kuna pangaboi linalozunguka, kuna umeme wa chaja, kuna vidude elfu vinavyofanya kazi zao. Kadi ya ndani ikiikuza sauti ya mwimbaji, yaweza kukuza na kelele za majirani hao wote. Tena tundu lenyewe ni dogo, na katika laptopu nyingi za siku hizi ni moja tu, la spika za masikioni na maikrofoni pamoja. Maikrofoni ya kuimbia, ile ya kushika mkononi, plagi yake ni nene au ina pini tatu. Ukiiunga kwa vipande vya dukani, sauti yafika dhaifu, au haifiki kabisa.

Liko na jambo la tatu, nalo watu hawalijui. Laptopu nyingi zina programu ya kuondoa kelele, iliyotengenezwa kwa ajili ya watu wanaozungumza wakiwa mbali. Katika mazungumzo yasaidia sana. Lakini mtu akiimba na kuivuta sauti moja kwa muda mrefu, programu yaweza kudhani ni mvumo wa pangaboi, ikaikata.

Haya sikuyasoma tu. Mwaka 2019 nilimrekodi shangazi yangu, aliyejua nyimbo za arusi za ukoo wetu, zile ambazo wadogo zangu hawazijui hata moja. Nilikaa naye alasiri nzima, laptopu mezani, chaja ukutani, sina maikrofoni nyingine ila ile ya ndani. Sikusikiliza nilichorekodi hata mara moja, kwa sababu niliona alama ya kurekodi inawaka nikatosheka. Mwaka uliofuata alifariki. Tulipofungua zile rekodi siku ya arobaini, maneno yake ya kawaida tuliyasikia juu ya mvumo wa umeme. Nyimbo zilikatika-katika. Anaanza ubeti, sauti yapanda, mara kimya, halafu yarudi mwishoni. Mafundi wawili walijaribu kuzitengeneza. Kilichokatwa hakikuandikwa, basi hakipo.

Kwa hiyo kwa kazi ya namna hii kadi ya nje si anasa. Nasema ile kadi kamili, kijisanduku cha kuweka mezani, si ile ya kidole gumba, kwa maana hii ya pili kwa upande wa maikrofoni haina nguvu kuliko ya ndani. Kijisanduku kina matundu ya plagi za pini tatu, kina kikuza sauti chake mbali na kelele za laptopu, na kitufe cha kuzungusha ili kuongeza au kupunguza. Hupata umeme wake katika waya wa USB. Ninyi mnaotumia umeme wa jua, kumbukeni kwamba betri ya laptopu itaisha mapema kidogo. Bei ni kama ya mbuzi, na mengine ni mbuzi wawili. Na usisahau maikrofoni, kwa kuwa kijisanduku peke yake hakisikii kitu.

Dukani muuzaji atakutajia tarakimu kubwa: biti 24, vipimo 192,000 kwa sekunde. Hizo biti 24 zafaa, maana zakuruhusu kurekodi kwa sauti ya chini bila hofu, ukaikuza baadaye. Lakini vipimo 192,000 visikutoe fedha. Sikio la mwanadamu halisikii mitikisiko inayozidi kama 20,000 kwa sekunde, na vipimo 44,100 au 48,000 vyatosha kuikamata yote. Mwulize pia kama kina kitufe cha volti 48. Maikrofoni za kondensa haziamki bila umeme huo. Zile za dainamiki, kama SM58 ya kampuni ya Shure iliyoanza kuuzwa mwaka 1966, haziuhitaji, na kwa nyumba zetu zenye vumbi na watoto mimi nazipenda zaidi.

Wakati wa kurekodi tazama taa ya kijisanduku. Ikiwaka nyekundu, punguza mara moja. Sauti iliyozidi kipimo hukatwa vichwa, wala hairudi. Maikrofoni iwe karibu na mdomo, umbali wa shubiri moja. Usirekodi chini ya bati wakati wa mvua. Na kabla ya yote, rekodi dakika moja, usikilize. Ukisikia mvumo, chomoa chaja, urekodi tena. Mvumo ukiisha, kosa lilikuwa katika umeme, na pengine hata kadi ya ndani ingekufaa. Zima pia ile programu ya kuondoa kelele; yapatikana katika mipangilio ya sauti.

Na kama hakuna fedha za mbuzi? Basi tumia simu nzuri ya mtu wa nyumbani, uiweke karibu na msemaji, mahali pa kimya, ukajaribu kwanza kama nilivyosema. Kwa masimulizi ya kusema yafaa sana. Kwa kwaya nzima haitatosha, lakini babu wa miaka 90 hawezi kungoja mahindi yauzwe.

Mwezi uliopita tulimrekodi mjomba, ndugu wa yule shangazi. Kadi ilikuwa ya kuazima, yenye matundu mawili, nasi tukatumia maikrofoni moja tu. Tulijaribu mara tatu kabla hajaanza, hata akatuuliza kama tumemwita kuimba au kuhesabu moja, mbili, tatu. Tulipata dakika 40, zilizochukua megabaiti kama 210. Jogoo asikika mara mbili, na mlango mara moja. Nyimbo nne za dada yake alizikumbuka mpaka mwisho.