Diski Zisiamke Zote Pamoja

Umeme ukirudi baada ya kukatika, kompyuta kuu ya ofisi, yenye kumbukumbu zote, yaweza kuwaka na kuzima, kuwaka na kuzima. Wengi hulaumu virusi. Mimi huhesabu diski kwanza.

Diski kubwa ikishazunguka hula wati 5 hadi 8 hivi. Kuianzisha ndiyo kazi, kama kusukuma gari lililozimika: yaweza kudai ampea 2 za volti 12, yaani wati 24. Diski 12 zikianza pamoja ni wati 288, na pawa saplai ikielemewa hujizima.

Dawa ni ziamke kwa zamu, zikipishana sekunde chache. Kadi nyingi zinazoongoza diski zina mpangilio huo. Mwulizeni fundi kabla hajawauzia pawa saplai mpya.