Kijani cha Geti la Mama

Geti la nyumba ya mama yangu huko Tanga lina mbawa mbili. Ubawa wa kulia ulipakwa kijani kilichokolea hadi kopo likaisha. Wa kushoto ulisubiri wiki mbili, maana rangi ya kampuni ile iliadimika madukani, ikabidi nichukue ya kampuni nyingine. Muuzaji aliweka kadi yake ya rangi juu ya kipande cha bati chenye rangi ya kwanza nilichompelekea, akavisogeza vyote chini ya taa ya dukani. "Dada, hii ndiyo yenyewe." Nikatazama, nami nikaona ndiyo yenyewe.

Asubuhi baada ya fundi kumaliza, Mama alitoka kufagia uwanja, akasimama na ufagio mkononi. "Mwanangu, njoo uone. Huu ubawa wa bahari, na huu wa mnazi."

Alisema kweli. Wa kushoto ulivuta kwenye samawati, wa kulia ulivuta kwenye umanjano wa kuti linaloanza kukauka. Usiku, balbu ya barazani ilipowashwa, ule wa kulia ukageuka karibu udongo. Niliudhika, nikataka kumjua aliyekosea, muuzaji au fundi. Nimesoma mengi tangu siku ile, na sasa naamini wote wawili walifanya kazi yao sawasawa. Kilichotupata kina maelezo yake, na kinampata kila anayetafuta kijani cha kampuni moja kwenye kopo la nyingine.

Mwanga tunaouona una mawimbi ya urefu mbalimbali, kuanzia kama nanometa 400 upande wa zambarau hadi 700 upande wa nyekundu. Rangi ya ukutani hunyonya baadhi ya mawimbi hayo na kurudisha mengine. Lakini jicho halisomi orodha nzima ya kilichorudi. Lina aina tatu tu za chembe za kupokea rangi, na kila aina hupeleka kwenye ubongo jumla moja. Ni kama mtu anayepokea fedha bila kuangalia sarafu: ukimpa mbili za mia tano au tano za mia mbili, kwake ni elfu moja. Rangi mbili zinaweza kurudisha mawimbi tofauti kabisa, na jumla zake tatu zikalingana. Jicho litaapa kwamba ni rangi moja.

Sasa badilisha taa. Mwanga mpya una mawimbi mengi zaidi upande huu na machache upande ule, kana kwamba Benki Kuu imetangaza leo kuwa sarafu ya mia mbili imeshuka thamani. Mmoja atabaki na elfu yake, mwingine atapungukiwa. Wataalamu huita jambo hili metamerizimu. Taa ya dukani ilizilinganisha jumla zile, jua la asubuhi likazitenganisha.

Namba ambazo mashine za rangi zinazitumia leo zilianzia London, katika miaka ya 1920. William David Wright, wa Imperial College, aliwakalisha watu 10 mbele ya kifaa. John Guild, katika maabara ya taifa ya vipimo huko Teddington, aliwakalisha 7. Kila mmoja alitazama duara dogo lililogawanyika nusu mbili: nusu moja ina mwanga wa wimbi moja, nusu ya pili ina mchanganyiko wa mwanga mwekundu, wa kijani na wa samawati. Kazi yake ilikuwa kupunguza na kuongeza mpaka mstari wa katikati utoweke. Mbawa mbili, jicho moja, na mpaka unaotakiwa kufutika. Nikisoma habari hiyo huwaza geti letu.

Mwaka 1931, katika mkutano uliofanyika Cambridge, tume ya kimataifa ya mwanga, CIE, iliyafanya matokeo hayo kuwa kipimo rasmi cha mtazamaji wa kawaida. Watu 17! Makopo yasiyohesabika yamechanganywa kwa kufuata wastani wa macho yao, na wastani huo si jicho la mtu yeyote aliye hai. Naushangaa ujasiri wa kazi ile, na jinsi ilivyodumu.

Lakini kwa nini kijani cha kampuni moja kirudishe mawimbi tofauti na cha nyingine? Kwa sababu kijani kilichokolea kina njia nyingi za kukipata. Njia moja ni ya kale na ya kiudongo hasa: unga wa manjano wa oksidi ya chuma, ndugu wa kutu, ukichanganywa na nyeusi. Manjano na nyeusi hutoa kijani cha zeituni, na anayetilia shaka ajaribu kwa brashi. Mchanganyiko huo hurudisha kiasi kidogo cha manjano na nyekundu. Hapo ndipo ulipotoka ubawa wa mnazi.

Njia ya pili ilipatikana kwa ajali. Mwaka 1928, katika kiwanda cha Grangemouth huko Scotland, wafanyakazi walikuwa wakitengeneza kemikali nyeupe ndani ya chombo cha chuma kilichopakwa enameli. Enameli ikapasuka, kemikali ikagusa chuma, na ndani yake ikatokea takataka ya samawati iliyokolea. Wangeweza kuimwaga. Badala yake waliichunguza, na miaka michache baadaye Reginald Linstead, naye wa Imperial College, akafichua umbo la molekuli yake, jamii inayoitwa ftalosianini. Chuma kilipobadilishwa na shaba ikapatikana samawati isiyochujuka juani kwa urahisi. Hidrojeni za pembezoni zilipobadilishwa na klorini ikawa kijani. Kijani hiki hula karibu nyekundu yote na kurudisha kijani chenye chembe ya samawati. Hapo ndipo ulipotoka ubawa wa bahari. Balbu ya njano ya barazani humwaga nyekundu nyingi: mchanganyiko wa kutu unayo sehemu ya kurudisha, ftalosianini haina.

Ukolevu wenyewe wa rangi huongeza taabu. Kijani cha namna hii hurudisha chini ya sehemu 10 katika kila 100 za mwanga unaokipiga. Na uso wa rangi, kabla mwanga haujaingia ndani, hurudisha peke yake kama sehemu 4, nazo ni nyeupe tupu. Kwenye ukuta mweupe hizo nne hazionekani, kwenye kijani kizito ni karibu nusu ya habari yote. Rangi ya mafuta inayong'aa huzitupa upande mmoja kama kioo, ukisimama pembeni unaona kijani kilichokolea. Rangi isiyong'aa huzitawanya kila upande, na kijani kinapauka kana kwamba kimepigwa vumbi. Unga uleule, kiasi kilekile, rangi mbili. Ndiyo maana kulinganisha kadi ya karatasi na bati linalong'aa ni kujitafutia majuto.

Kuna pia suala la besi, yaani rangi ya kuanzia kabla mashine haijadondosha rangi za kukoleza. Besi ya rangi nyepesi imejaa weupe wa titani dioksidi, ya rangi nzito ina kidogo sana au haina kabisa. Kila kampuni ina besi yake na rangi zake za kukoleza. Kwa hiyo ukichukua vipimo vya kampuni moja ukavidondosha kwenye besi ya nyingine, umepika pilau la jirani kwa viungo vya kwako. Namba za kimataifa kama RAL 6005, za mfumo ulioanza Ujerumani mwaka 1927 ukiwa na rangi 40 tu, husaidia kutaja mwonekano. Hazisemi ndani ya kopo mna nini.

Tulipoamua kupaka mara ya pili, tulikwenda taratibu. Fundi alifungua bawaba ya ubawa wa kulia, akatafuta mahali ambapo jua halijafika, akapata kijani cha asili ambacho hakijapauka. Duka lingine lilikuwa na spektrofotometa, kifaa kidogo kinachopima mwanga unaorudi kila baada ya nanometa 10, na hivyo kuona zile sarafu ambazo jicho hujumlisha. Nikamwomba muuzaji atafute mchanganyiko wenye manjano ya chuma na nyeusi, na aupime kwa mwanga wa mchana na wa balbu pia. Tukapaka vibati viwili, kila kimoja kwa mchanganyiko wake, mikono miwili, tukaviacha vikauke hadi kesho yake, maana rangi mbichi na kavu hazifanani. Tukavitegemeza getini saa nne asubuhi, kisha saa moja usiku. Na tuliponunua, makopo yote tuliyamimina kwenye ndoo moja, tukakoroga, tukapaka mbawa zote mbili.

Lakini kabla ya kununua, Mama na mimi hatukukubaliana kuhusu vibati vile viwili. Yeye aliona cha kwanza kinalingana kabisa na kijani cha nyuma ya bawaba. Mimi nilikiona kina usamawati kidogo. Lenzi ya jicho hugeuka manjano polepole kadiri miaka inavyokwenda, ikichuja samawati kabla haijafika ndani, na Mama amenizidi miaka thelathini na mitatu. Tulikitazama tena na tena, kila mtu akishikilia alichokiona.

Nikamwambia fundi apake cha kwanza. Geti ni la Mama, na ndiye anayelifungua kila asubuhi.