Kasarani Mara Mbili

Oktoba 2004, wabunge wa Somalia walikusanyika katika uwanja wa michezo wa Kasarani, Nairobi, wakamchagua Abdullahi Yusuf kuwa rais wao. Kwao hapakuwa na mji salama wa kupigia kura, basi Kenya ikawafungulia mlango. Aprili 2014 uwanja huohuo ulijaa Wasomali tena. Safari hii polisi ndio waliowaleta, wengi wao kutoka mtaa wa Eastleigh, akina mama na watoto wakiwemo, wakasubiri ndani kuchunguzwa vitambulisho. Karibu watu 4,000 walikamatwa katika msako ule ulioitwa Usalama Watch. Baadhi walipandishwa ndege wakarudishwa Mogadishu.

Kati ya Kasarani ya kwanza na ya pili kuna miaka tisa na nusu. Katika miaka hiyo Kenya iliacha kuwa mwenye nyumba wa mazungumzo, ikawa mmoja wa wanaopigana. Mpaka sasa haijarudi pale ilipokuwa.

Nguvu yake ya zamani haikuwa fedha wala silaha. Jenerali Lazaro Sumbeiywo, msuluhishi wa Kenya, aliwakalisha wajumbe wa serikali ya Sudan na wa waasi wa John Garang, Machakos kisha Naivasha, kwa sababu hakuna upande uliomwona ana lake analolitafuta. Tarehe 9 Januari 2005 mkataba wa amani ya Sudan ukatiwa saini katika Uwanja wa Nyayo. Sisemi kila kilichopikwa Nairobi kiliiva. Mkataba wa Uganda uliosimamiwa na Rais Moi Desemba 1985 haukufika hata miezi miwili kabla Museveni hajaiteka Kampala. Lakini mikataba ilipovunjika, meza ilibaki. Waliogombana walijua wanaweza kuirudia.

Kisha ikaja Oktoba 2011 na Operesheni Linda Nchi, Kenya ilipotuma jeshi Somalia kupigana na Al-Shabaab. Kisa kilikuwepo: wageni walikuwa wametekwa pwani ya Lamu, na wafanyakazi wa misaada wakatekwa Dadaab. Hakuna serikali inayoweza kunyamazia hayo. Ila wanajeshi walivuka mpaka kwanza, na kujiunga na kikosi cha Umoja wa Afrika kukafuata mwaka 2012. Isitoshe, Kenya ilitaka Jubaland, eneo la kusini mwa Somalia, iwe ukuta wa kuukinga mpaka wake, na kwa hiyo ikabidi ichague nani atawale Kismayu, mji wa eneo hilo. Ukishamchagulia jirani mtawala, hawezi tena kukuita umsuluhishe na ndugu yake.

Gharama ya kwanza ilifika Nairobi, kutoka katikati ya jiji hadi mitaa ya Eastlands. Siku nane tu baada ya wanajeshi kuvuka, guruneti lilirushwa ndani ya baa katika Mtaa wa Mfangano, na jioni hiyo jingine likarushwa steji ya OTC, kwenye watu waliokuwa wakirudi makwao. Machi 2012 ikawa zamu ya kituo cha mabasi cha Machakos Country Bus. Novemba mwaka huo matatu ililipuliwa Eastleigh, na vijana wakawageukia majirani zao Wasomali kwa mawe, wakivunja madirisha na maduka. Watu waliokuwa wakiuziana mboga na vitambaa kwa miaka mingi walifungiana milango.

Miaka ile, kupanda gari la kwenda mtaani kulikuwa na adabu yake mpya. Makanga anasimama mlangoni na kile kifaa cheusi cha kukagua, anakupitishia kiunoni na kwenye mkoba. Kinalia kwa ufunguo, kinalia kwa bakoli ya chakula. Mama anafungua mkoba kuonyesha sukumawiki. Kijana aliyevaa kanzu anapitishiwa mara mbili, anainua mikono bila kuambiwa, na ndani ya gari hakuna anayemtazama usoni. Usiku, Eastleigh, swali la polisi lilikuwa kipande, yaani kitambulisho, na hata aliyekuwa nacho huenda alilazimika kutoa pesa ndipo aachwe. Mtaani walisema polisi wameifanya Eastleigh kuwa ATM. Hivyo ndivyo sera ya nchi za nje inavyoonekana ukiitazama kutoka First Avenue.

Mitaa hii imezoea kubeba vita vya mbali. Kariokor ilipata jina kutokana na kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Burma, soko tunakokula nyama, ina jina la nchi ambako vijana wa Afrika Mashariki walipelekwa kupigana katika vita vya pili.

Yaliyofuata yanaonyesha mmomonyoko haukuishia Somalia. Novemba 2022 wanajeshi wa Kenya waliingia Goma, mashariki mwa Kongo, chini ya bendera ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Serikali ya Kinshasa iliwataka wapigane na waasi wa M23. Hawakwenda kwa kazi hiyo, na kufikia Desemba 2023 walikuwa wamefunga virago. Siku hizi habari za amani ya Kongo tunazisikia kutoka Doha na Washington. Februari 2025, miaka ishirini baada ya Nyayo, kikosi cha RSF, kinachopigana na jeshi la Sudan, kiliruhusiwa kukutana katika ukumbi wa KICC, Nairobi, kutayarisha serikali yake. Serikali ya Sudan ikamwita balozi wake nyumbani, na mwezi uliofuata ikapiga marufuku bidhaa za Kenya, chai ikiwemo. Mji uleule ulioaminiwa na pande zote mbili za Sudan sasa unahesabiwa kuwa wa upande mmoja.

Nasikia wanaosema dawa ni kutuma wajumbe hodari zaidi. Mimi ningeanzia nyumbani. Tarehe 15 Januari 2016 Al-Shabaab waliivamia kambi ya jeshi la Kenya (KDF) huko El Adde, Somalia, na hadi leo serikali haijatangaza ni wanajeshi wangapi waliouawa. Wapo wazazi waliozika, na kwenye kumbukumbu za nchi mtoto wao hayumo hata katika hesabu. Idadi hiyo itangazwe, na majina yasomwe hadharani, kabla ya kikosi kingine kuvuka mpaka.