Yako Imefika Ngapi?

Nilifundisha hesabu katika shule za msingi za Kisau mpaka nikastaafu. Kwa hiyo daktari aliponiambia kwamba saratani ya ovari ina tabia ya kurudi, nilimwuliza papo hapo: kwa wangapi? Akanijibu bila kuzunguka. Wanawake wanaogunduliwa ugonjwa ukiwa umeshasambaa tumboni, hatua ya tatu na kwenda juu, takriban saba kati ya kumi hurudiwa, wengi wao ndani ya miaka mitatu ya kwanza. Wangu ulikuwa hatua ya tatu.

Tangu siku hiyo nimetaka kujua nani yumo katika wale saba na nani katika wale watatu. Dalili za kutabiria zipo, ila si ile tunayoiangalia kwenye foleni ya kliniki Machakos. Pale benchi zima ni "Mwaitu, yako imefika ngapi?" na kila mtu anajua kinachoulizwa ni CA-125.

Hiyo ni protini inayopimwa kwenye damu. Robert Bast na wenzake wa Boston walitangaza kingamwili ya kuitambua mwaka 1981, na kikomo cha kawaida kimewekwa 35. Lakini kifua kikuu cha tumboni huipandisha, ugonjwa wa ini huipandisha, hata hedhi. Tena kwa takriban mgonjwa mmoja kati ya watano, saratani haiitoi ya kutosha.

Kinachosema zaidi ni kasi ya kushuka wakati wa kemo. Nilichukua karatasi ya grafu, nikapanga tarehe chini na namba ubavuni. Kabla ya dripu ya kwanza nilikuwa na 1,240. Kufikia ya tatu, 96. Fikiria wanawake wawili waliomaliza matibabu wote wakiwa na 20. Mmoja aliifikia mapema, mwingine alijikokota hadi dripu ya mwisho. Kwenye benchi wanaonekana sawa, lakini wa kwanza ana matumaini ya kukaa muda mrefu zaidi kabla ugonjwa haujarudi. Watafiti wakiongozwa na Benoit You wa Lyon, Ufaransa, wameigeuza kasi hiyo kuwa fomula iitwayo KELIM. Inahitaji vipimo visivyopungua vitatu katika siku 100 za kwanza za kemo, na kikokotoo chake kiko bure kwenye intaneti. Kwa hiyo akina mama, msitupe zile karatasi za maabara. Mwulizeni daktari wenu anaisomaje hiyo kasi.

Jambo jingine liko kwenye ripoti ya upasuaji: je, kulibaki uvimbe wowote unaoonekana kwa macho? Aliyesafishwa kabisa ana nafasi nzuri kuliko aliyebakiziwa hata vipande vidogo. Wengi wetu hatujawahi kuiomba ripoti hiyo, na ni haki yetu.

Kuna na jeni. Wenye hitilafu katika jeni za BRCA kwa kawaida huitikia vizuri dawa za platini kama kaboplatini, na kuna vidonge vya olaparibu vya kuuzuia ugonjwa usirudi upesi. Katika utafiti mmoja wa wanawake wa aina hiyo, baada ya miaka saba asilimia 67 ya waliovimeza walikuwa hai, dhidi ya 46.5 ya waliopewa vidonge visivyo na dawa. Bei yake inazishinda nyumba nyingi za huku kwetu. Hata hivyo kipimo cha jeni kina faida kwa mabinti na dada zetu pia, kwa sababu hitilafu hiyo hurithiwa.

Sasa nije kwenye linaloniuma. Nawajua watu wanaouza mbuzi na magunia ya ndengu ili mama apimwe CA-125 kila mwezi. Mwaka 2010 matokeo ya utafiti wa Ulaya, ulioandikisha wanawake 1,442, yalichapishwa. Wale ambao namba yao ilipanda, 529 kwa jumla, waligawanywa: nusu wakaanza kemo mara moja, nusu wakangoja dalili. Walioanza mapema waliishi wastani wa miezi 25.7, waliongoja 27.1, tofauti isiyo na uzito. Walichopata zaidi wale wa mapema ni muda mrefu wa kuteseka na dawa.

Sisemi kipimo kiachwe. Mwaka 2021 utafiti mwingine ulionyesha kwamba baadhi ya waliorudiwa baada ya miezi sita au zaidi hunufaika na upasuaji wa pili, na kwao kujua mapema kunaweza kuwa na maana. Nasema ulizeni kabla ya kuuza mbuzi: namba ikipanda, mtanifanyia nini?

Mimi naangalia tumbo. Likijaa na kukaza kwa wiki mbili, muthokoi ukinishinda nusu sahani, nikienda haja ndogo kila saa, sitangoja kliniki ya kawaida. Na swali la kwanza nitakaloulizwa nalijua: ni muda gani tangu dawa ya platini ya mwisho? Ugonjwa ukirudi kabla ya miezi sita, dawa ileile mara nyingi haifui dafu. Baada ya hapo huenda ikafanya kazi tena. Tarehe ya dawa hiyo ya mwisho nimeiandika juu ya faili kwa wino mwekundu, na kijana wangu anajua faili linakokaa.