Haraka ya Brooklyn yainufaisha Boston

Biashara iliyofungwa Julai 2013 baina ya timu mbili za mpira wa kikapu wa kulipwa nchini Marekani, Brooklyn Nets na Boston Celtics, ilionekana siku hiyo kuwa ya faida kwa mnunuzi. Miaka 11 baadaye, muuzaji ndiye aliyetwaa ubingwa.

Mnunuzi alikuwa na haraka. Tajiri wa Kirusi Mikhail Prokhorov, aliyeinunua Nets mwaka 2010, aliahidi kombe katika muda wa miaka mitano. Alitaka majina makubwa, na Boston ilikuwa nayo mawili: Kevin Garnett, miaka 37, na Paul Pierce, 35. Mali nzuri, lakini iliyokaribia kuchakaa.

Malipo ndiyo yenye mambo. Kila mwaka timu za ligi ya NBA huchagua vijana wapya kwa zamu, na zilizofanya vibaya, baada ya kupiga kura, ndizo hutangulia. Zamu hiyo ni mali. Huuzwa miaka mingi kabla kijana mwenyewe hajajulikana, kama mkulima anayeuza kahawa ikiwa bado maua. Brooklyn ilitoa zamu zake za raundi ya kwanza za 2014, 2016 na 2018, na kuipa Boston haki ya kubadilishana nayo zamu mwaka 2017. Tangu hapo Boston ilikuwa na kila sababu ya kuiombea Brooklyn mabaya, kwani kadiri ilivyoshindwa ndivyo bei ya zamu hizo ilivyopanda.

Na ilishindwa. Msimu wa 2013-14 Nets ilitolewa na Miami raundi ya pili, huku ligi ikiitoza takriban dola milioni 90 kwa kuvuka kiwango cha mishahara. Pierce akaondoka 2014, Garnett Februari 2015. Msimu wa 2016-17 ilishinda mechi 20 kati ya 82. Timu iliyoanguka hivyo kwa kawaida hufarijiwa na zamu ya mbele. Zamu ilikuwa mikononi mwa Boston, ambayo mwaka 2016 ilishamchukua Jaylen Brown kwa zamu ya tatu, na mwaka 2017 ikaangukiwa na ya kwanza.

Hapo akajitokeza mnunuzi mwingine, Philadelphia 76ers, timu iliyojulikana kwa subira kuliko zote. Kuanzia 2013, chini ya Sam Hinkie, iliuza karibu kila chenye thamani na kukubali kushindwa ili ikusanye zamu. Misimu mitatu ilileta ushindi 19, kisha 18, kisha 10, na Hinkie akajiuzulu Aprili 2016. Gharama ya kungoja huko ililipwa na Philadelphia yenyewe na watazamaji wake. Ya Boston ililipwa na Brooklyn, na tofauti hiyo si ndogo: Boston ilingoja huku ikishinda mechi 53 msimu wa 2016-17.

Baada ya miaka minne ya kuvumilia, Philadelphia nayo ikaingiwa na haraka. Juni 2017 iliipa Boston zamu yake ya tatu pamoja na nyingine ya baadaye, ili ipate ya kwanza na kumchukua Markelle Fultz. Bega likamsumbua kijana huyo, akaichezea mechi 33 tu za msimu wa kawaida kabla ya kuuzwa Februari 2019. Kwa zamu ya tatu, Boston ilimchukua Jayson Tatum. Juni 2024 Tatum na Brown waliipa timu yao ubingwa wa 18.

Prokhorov hakutoka mikono mitupu, ingawa kombe hakulipata. Mwaka 2019 alimaliza kuiuza Nets kwa Joseph Tsai wa Alibaba, timu ikithaminiwa zaidi ya dola bilioni 2. Tsai naye, Januari 2021, aliilipa Houston zamu za miaka ya mbele ili ampate James Harden, aliyekaa Brooklyn miezi 13. Juni 2024 Brooklyn ilirudi Houston na zamu ilizozipata kwa timu nyingine, ikazitoa ili izikomboe zake za 2025 na 2026.